Barua ya wazi kwa Mkuu wa Mkoa wa Mbeya: njia ya maji itangulie matuta

Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa,

Salaam. Tunakuandikia sisi tunaopima kontua, yaani mistari inayofuata usawa wa mlima, na kulima kwenye miteremko ya Umalila na Uporoto, pamoja na wenzetu wanaochunga ng'ombe bondeni Usangu. Ombi letu tunaliweka mwanzoni ili usilitafute mwishoni mwa barua: kampeni za kuhifadhi udongo zisihesabiwe kwa mita za matuta yaliyochimbwa. Kijiji kisihesabiwe hata mita moja ya tuta kabla hakijaonyesha njia ya maji, yaani mahali ambapo maji ya mlima mzima yatashukia bila kubomoa kitu.

Hesabu yenyewe ni hii. Mvua ya milimita 40 ikinyesha kwenye ekari moja, zile hatua 70 kwa 70, ekari hiyo imepokea lita 160,000. Nusu yake ikishindwa kuzama, lita 80,000 zinatiririka, sawa na mapipa 400. Tuta haliyamalizi maji hayo. Linayasimamisha, kisha linayaelekeza upande. Kama hakuna aliyeuliza yanaelekea wapi kabla jembe halijaingia, yatajaza mtaro mpaka yapate mahali dhaifu, mara nyingi pale fuko alipochimba au njia ya miguu ilipokatiza. Hapo yatatoboa na kulivamia tuta la pili yakiwa yamekusanyika, na tuta la pili halitahimili. Asubuhi unakuta korongo jipya limenyooka toka juu hadi mtoni, ndani ya shamba ambalo bila matuta maji yangeshuka yametawanyika. Mwenye shamba hilo ukimrudia mwaka unaofuata na habari za makinga maji, atakusikiliza kwa adabu tu.

Halafu kuna barabara. Barabara ya vumbi yenye upana wa mita 5, kipande cha mita 300, kwa mvua ileile ya milimita 40 hupokea lita 60,000, na kwa kuwa imeshindiliwa karibu zote hutiririka. Maji hayo yote hutokea kwenye kalavati moja na kuingia shamba la mtu mmoja. Hakuna tuta la mkulima linaloweza kupokea kishindo hicho. Dawa ni kuyatoa maji barabarani kidogokidogo. Kwenye mteremko mkali, mtaro wa pembeni uwe na mchepuko kila baada ya mita 20 hadi 40, na kila mchepuko uishie kwenye nyasi. Kalavati likibidi kutoa maji mlimani, chini yake pawekwe mawe makubwa yaliyopangwa kwa kukumbatiana, urefu wa mita 2 au zaidi, ili maji yapoteze nguvu kabla ya kugusa udongo. Kazi hii haiwezi kufanywa na bwana shamba peke yake. Mhandisi wa barabara na afisa kilimo wanapaswa kuupanda mlima siku moja, wakiwa na ramani moja. Hilo wewe unaweza kuliagiza kwa sentensi moja.

Njia ya maji yenyewe si mtaro. Ni bonde la asili lililopo tayari, lile ambalo wazee hulionyesha kwa kidole, linalotengenezwa liwe pana na la kina kifupi: upana mita 2 hadi 3, kina sentimita 30, umbo la sinia na wala si la shimo lililochongoka. Lipandwe ukoka msimu mzima kabla ya matuta kufunguliwa kuelekea humo. Hapa ndipo wengi wanapokosea. Wanachimba vyote mwezi mmoja, nyasi hazijashika, mvua ya kwanza kubwa inakula njia yenyewe, na ndani ya miaka miwili tunaliita korongo. Njia ya maji pia haipiti kwenye shamba la mtu mmoja. Hukatiza mashamba kumi, ishirini, na kila mwenye shamba anapoteza mistari kadhaa ya viazi. Kwa hiyo kipimo cha kazi ni mlima, si ekari. Serikali ya kijiji ikubaliane na wenye mashamba wote wa mteremko huo, iandike muhtasari, na mipaka ya njia iwekewe alama. Bila muhtasari, mwaka wa tatu mtu atailima, na kesi itahamia kwa mtendaji wa kata.

Baada ya hapo ndipo kipimo. Fremu A, kifaa cha kupimia usawa, haigharimu chochote: miti miwili ya mita 2 na zaidi kidogo, miguu ikiwa imeachana mita 2 kamili, mti wa tatu umefungwa katikati, na jiwe linaning'inia kwa kamba kutoka juu. Simamisha fremu, weka alama pale kamba inapogusa mti wa katikati, geuza miguu ibadilishane mahali, weka alama ya pili. Katikati ya alama hizo mbili ndipo usawa ulipo. Fremu isiyogeuzwa namna hiyo ni fremu ya uongo, na tumeona kontua zilizopimwa kwa fremu za uongo zikishuka mteremko bila aliyezipima kujua. Siku ya upepo, kazi iahirishwe.

Ukitaka mstari ushuke taratibu kuelekea njia ya maji, funga kibao cha unene wa sentimita 1 chini ya mguu wa nyuma ukiwa unapima kupanda kutoka kwenye njia ya maji. Sentimita 1 kwa mita 2 ni nusu ya asilimia: maji yatatembea, udongo utabaki. Kwenye udongo wetu wa majivu ya volkano, ulio mwepesi na wenye kina, mstari usio na mteremko kabisa una hatari ambayo vijarida vingi havisemi. Mtaro unashika maji yote, udongo unalowa mpaka chini, na penye mteremko mkali kipande kizima kinateleza kama ngozi. Kule Isimani, Iringa, ambako mvua ni chache, usawa kamili ndio unaofaa, na hata kuziba mifereji kati ya matuta kwa fundo la udongo kila baada ya mita 2 au 3 ili maji yazame hapohapo. (Fundo hilo liwe fupi kuliko tuta lenyewe, ili maji yakizidi yafuate mfereji badala ya kulivuka tuta.) Mchoro mmoja hauwezi kutumwa Isimani na Umalila.

Umbali kati ya mstari na mstari upimwe kwa kushuka, si kwa hatua. Mtu wa kimo cha kawaida, akishika chupa iliyojaa maji nusu kwenye usawa wa jicho, hutazama juu ya mteremko: pale macho yanapogonga ardhi ndipo mstari wa juu upite. Hiyo ni kama mita 1.6 ya kushuka. Penye mteremko wa asilimia 10 mistari itaachana mita 16, penye asilimia 20 mita 8, penye asilimia 40 mita 4 tu. Na hapo penye 40, fanya juu, yaani mtaro ambao udongo wake hurushwa upande wa juu uwe tuta, siyo jibu. Mtaro wa fanya juu wa sentimita 60 kwa 60, kila mita 100, ni mita za ujazo 36 za udongo, yaani tani 45 hivi zinazorushwa kwa koleo kwenda juu. Penye mteremko mkali tunashauri mistari ya majani pekee, upana wa mita 1, na kuyaachia yakusanye udongo yenyewe mwaka hadi mwaka mpaka ngazi ijitengeneze. Zaidi ya asilimia 55 pasilimwe mazao ya msimu kabisa. Pakae miti au majani ya kukata.

Majani gani? Majani ya tembo hushika haraka na ng'ombe wa maziwa wanayapenda, ila mizizi yake hunyang'anya mistari miwili ya kwanza ya viazi. Guatemala ni mpole zaidi. Vetiva haina mpinzani kwa kushika udongo, ipandwe sentimita 10 hadi 15 kati ya shina na shina, lakini mifugo haiithamini sana, na jani lisilolisha ng'ombe halipati mlinzi. Kwa Umalila na Rungwe tungeanza na Guatemala. Anayefuga anayalinda mwenyewe, bila sheria ndogo.

Sasa suala la viazi, ambalo limewashinda wengi kwa sababu wanaanza kwa kumlaumu mkulima. Matuta ya viazi yanayoshuka na mteremko si uzembe. Yanatoa maji upesi, na kiazi kilichokaa kwenye maji huoza. Pia mtu analima akiwa ameukabili mlima, mgongo hauumii. Ukimwambia ageuze matuta yawe sambamba na kontua bila kumwonyesha maji yatatokea wapi, umemwambia aoze viazi vyake. Matuta yapite kwa ulalo, yakishuka asilimia 1, yaani sentimita 2 chini ya mguu wa fremu, na yamwage kwenye njia ya maji. Asiyekuwa tayari msimu huu, basi matuta yake marefu yakatwe kwa mstari wa majani kila baada ya mita 10. Ni nusu ya kazi, lakini maji yanapofika kwenye majani hupunguza mwendo na kuacha tope.

Kuhusu wakati. Mvua zetu huanza Novemba na kuendelea hadi Aprili au Mei. Agizo la kuchimba likitoka Oktoba limechelewa mara mbili: ardhi imekuwa kavu kama tofali, na udongo uliorushwa hauna wiki za kutulia wala jani la kuushika. Kupima kufanywe Juni na Julai, mara baada ya mavuno ambapo mistari inaonekana na udongo bado una unyevu. Kuchimba kuishe Agosti. Majani yapandwe Desemba mvua zikishakolea, maana vipando vya Novemba mara nyingi hukaushwa na jua la katikati. Mwaka wa fedha unaanza Julai, kwa hiyo fedha za fremu, kamba na vipando ziombwe kwenye bajeti ya mwaka unaotangulia.

Tusisahau Uluguru. Mwaka 1955 matuta ya ngazi ya kulazimishwa yaliishia kwenye ghasia kule. Husimuliwa kama habari ya siasa, na siasa ilikuwepo, lakini udongo nao ulikuwa na hoja yake: penye udongo mwembamba, kukata ngazi hufukia udongo wa juu na kuleta juu ule wa chini usioota kitu. Watu walikuwa wanachimba njaa yao. Wamatengo wa Mbinga, kwa upande mwingine, hawakuamriwa na mtu kuchimba ngoro zao: nyasi hulazwa kwa miraba, udongo wa katikati huchimbwa na kuzifunika, na kila shimo hubeba maji yake lenyewe bila kumtupia jirani.

Kwa makorongo yaliyopo, tunaomba viroba vya mchanga visihesabiwe kama kazi iliyokamilika. Jua huvila upesi, na mchanga humwagika humohumo. Kizuizi cha mawe chenye kimo cha sentimita 60 mdomoni, pale katikati maji yanapopita, kinatosha, mradi kina mambo matatu: kimeingizwa ukutani nusu mita kila upande, katikati kimeshuka sentimita 30 kuliko mabega yake, na chini yake pana sakafu ya mawe. Kizuizi chenye kichwa kilichonyooka husukuma maji pembeni, yanakizunguka, na korongo linapanuka kuliko zamani. Nafasi kati ya vizuizi ifuate kimo: tako la cha juu liwe sawa na mdomo wa cha chini. Korongo linaloshuka asilimia 10 linahitaji kizuizi kila mita 6. Na kazi ianze kichwani mwa korongo, kwa kuyahamisha maji yanayoingia. Vinginevyo unafunga jeraha ambalo kisu bado kimo.

Usangu tutaigusa kwa ufupi, maana inastahili barua yake. Maji ya Uporoto upande wa kaskazini yanaishia kule, na Ruaha Mkuu, ambao tangu mwaka 1993 umekuwa ukikauka kiangazi ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, unategemea bonde hilo. Kwa malisho, hesabu ni hii: ng'ombe wa kilo 250 hula kama kilo 6 za nyasi kavu kwa siku, zaidi ya tani 2 kwa mwaka. Malisho yanayotoa tani 2 kwa hekta, ukila nusu na kuacha nusu, yanahitaji hekta 2 na robo hivi kwa kila ng'ombe. Kijiji kijue kina hekta ngapi kabla ya kupanga chochote. Kisha mapito ya ng'ombe kwenda mtoni yahamishwe kila baada ya miaka michache, na mabirika ya kunyweshea yajengwe nje ya mita 60 zinazotajwa na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004. Wafugaji wa Kisukuma waliopo Usangu wanaijua ngitili, malisho yanayofungwa kwa msimu ili nyasi zikue, tangu kwao. Wapewe eneo lililopimwa na watalifunga wenyewe tangu mvua za kwanza hadi nyasi zitoe mbegu. Kwenye chemchemi za juu, mikaratusi isipandwe tena. Mivengi na mikuyu, miti ya asili ya penye maji, ipo.

Tunaomba basi uchague mteremko mmoja tu kwa kila halmashauri, mzima, toka barabara ya juu hadi mto wa chini, Juni ijayo. Ukaguzi usifanywe siku ya uzinduzi. Ufanywe Januari, mvua ya milimita 40 ikiwa bado inanyesha, watu wamesimama na mabuti pale njia ya maji inapoingia mtoni wakitazama rangi ya maji. Fremu, kamba na vigingi tunavyo. Tutakuja navyo.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Wapima kontua na wakulima wa Umalila na Uporoto, na wafugaji wa Usangu