Mbona mnawasha mashine na mlisema ni mashua ya tanga?

Jamani hili swali tumeulizwa wikendi tatu mfululizo, na Jumapili iliyopita mama mmoja wa kutoka Eldoret aliuliza kwa hasira kabisa, eti yeye amelipia tanga hajalipia petroli, so nimeona bora niandike mara moja, mtu akiuliza tena namtumia hii.

Ukweli ni kwamba sisi wa safari za mashua hapa Jinja, Uganda, tunaondokea upande wa mtoni, chini kidogo ya pale chanzo cha Nile, na ili ufike Ziwa Victoria lazima upite palipokuwa na maporomoko ya Ripon. Maporomoko yenyewe huyaoni tena, yalifunikwa na maji walipojenga bwawa la Owen Falls lililofunguliwa 1954, hilo tunaloita Nalubaale sa hivi, lakini pale maji bado yana nguvu, unayaona yanazungukazunguka, na upepo wa asubuhi ni mdogo. Tanga peke yake haliwezi. Nahodha wetu, mzee aliyevua mukene, dagaa wa ziwani, miaka mingi, alijaribu siku moja kwa ubishi wake tu, tukakaa nusu saa nzima tunaangalia mti ule ule. Basi pale tunawasha mashine dakika kumi hivi, tukishapita tunazima. Na msituambie twende upande ule mwingine tushuke na maji, manake kilomita chache tu kutoka hapo ni bwawa lenyewe.

Wale mliopanda felucca, zile mashua za tanga, kule Aswan ndio mnatusumbua zaidi. Mna haki, lakini Misri walijaliwa: mto unaenda kaskazini na upepo mwingi unatoka kaskazini. Unataka kupanda mto, unafungua tanga. Unataka kushuka, unalikunja na maji yanakubeba. Hata kwenye yale maandishi yao ya kale ya picha, safari ya kwenda kusini ilichorwa kama mashua iliyofungua tanga. Huku Jinja upepo hausikilizi mto, unasikiliza ziwa. Usiku nchi kavu inapoa haraka kuliko maji, so alfajiri upepo unatoka nchi kavu kwenda ziwani, halafu jua likishachoma ardhi unageuka, unatoka ziwani kuja huku. Wavuvi wanaijua hii tangu zamani, wanatoka na upepo mmoja wanarudi na mwingine, na sisi tunafanya vile vile. Ndio maana tunaondoka saa moja kasorobo asubuhi na ndio maana hatuuzi safari ya masaa mawili hata ukituongezea pesa.

Katikati hapo, tuseme kuanzia saa nne, upepo unakufa kabisa. Tunafunga mashua ufukweni, tunachoma ngege (ndio sato), kuna chai, kuna rolex, yani chapati iliyoviringishwa na mayai, kwa wasiokula samaki. Hapo ndio watu wanaanza kutoa simu na kuuliza tunaondoka saa ngapi. Hatuondoki. Lala, angalia ndege mdiria anavyojitupa majini, ongea na mwenzako uliyekuja naye. Kuogelea hapana, kuna kichocho, hilo hatubishani.

Halafu kuna ile saa ambayo mimi nimeiona mara nyingi na bado inanishika. Mzee amekaa anaangalia kusini, maji kule mbali yanaanza kuwa meusimeusi kama yamekwaruzwa, anaamka bila kusema kitu, anapandisha foromali, ule mti unaoshika tanga, na lile tanga la maradufu lenye viraka vitatu linapigapiga kama shuka kwenye kamba halafu linajaa ghafla na mashua inalala upande kidogo. Wote mnanyamaza. Unasikia maji chini ya ubao na demani, kamba ya tanga, ikilia mkononi mwa mzee, basi. Yule mama wa Eldoret hapo alikuwa amelala usingizi, kichwa juu ya laifu jaketi, tukamwacha.

Siku zingine upepo unakuja wa upande, so tunabisha, yani tunaenda mshazari huku, tunageuza tanga, mshazari kule. Msidhani tumepotea.

Kuhusu pesa: asubuhi tukiona wingu jeusi ziwani hatutoki, mvua za ziwa hili sio mchezo, na utarudishiwa pesa yako yote au uchague siku nyingine. Lakini upepo ukikosekana jioni tutawarudisha na mashine na hapo hakuna kurudishiwa, kwa sababu petroli hio tumenunua sisi, na ukweli huwa inatuuma kuliko nyinyi.

Mje na sweta, saa hio ya asubuhi mtoni kuna baridi. Na kama unasikiaga kichefuchefu kaa karibu na mlingoti, usiende kukaa mbele kwa ajili ya picha.