Usisaini hiyo karatasi

Arusha, Jumapili jioni

Shoga yangu mpenzi,

Huku tu wazima, mvua tu ndiyo haitaki kukatika.

Ujumbe wako umeninyima usingizi. Wateja watoroke na bili, kisha wewe ukatwe nusu mshahara! Yalinikuta hayo hayo nilipokuwa mhudumu. Zilivunjika glasi za kaunta, meneja akaigawa hasara kwa shifti nzima, hata kwa waliokuwa jikoni. Nililia chooni, nikanyamaza kwa kuwa sikujua. Wewe sitaki unyamaze.

Hiyo karatasi waliyokuletea usaini, usiisaini. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 28, inataka ukubali makato kwa maandishi, ndiyo maana wanakuharakisha. Na si saini tu. Lazima kosa liwe lako. Mwajiri akuandikie kilichotokea, deni ni kiasi gani na amelipigaje hesabu, kisha akupe nafasi ya kulipinga. Hata hayo yote yakitimia, makato ya hasara hayavuki robo ya mshahara. Robo, shoga. Hiyo nusu wameitoa wapi? Na wewe ulikuwa unahudumia meza nane peke yako, utamzuiaje mtu getini?

Unasema huna mkataba wa maandishi, kwa hiyo huna pa kusemea. Sivyo. Shauri likifika mbele na mwajiri akashindwa kuutoa, mzigo wa kuthibitisha mlichokubaliana unamwangukia yeye.

Tena angalia shifti zako za usiku. Kuanzia saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi, kila saa ina nyongeza ya asilimia 5 ya mshahara wa msingi wa saa hiyo. Na ile Idi uliyoshinda ukumbini ukibeba sahani, malipo yake ni mara mbili. Ulilipwa?

Anza na CHODAWU, ndicho chama chetu sisi wa mahotelini. Wakishindwa kumweka sawa bosi wako, tunakwenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA. Madai ya mshahara hupelekwa huko ndani ya siku 60 tangu mgogoro ulipoanza, na wewe umeshapoteza wiki tatu ukimwonea haya bosi.

Andika kwenye daftari tarehe na saa zote unazokumbuka. Jumanne nina mapumziko; nikipanda basi la kwanza nitakuwa Moshi kabla ya saa 4. Nisubiri stendi, twende wote.

Akupendaye,
Mama Zawadi