Barua ya Kufunga Muhula: Fimbo Inayotetemeka, Michango na Nyaya za Pikipiki

Ofisi ya Mkuu wa Shule
Kwa wazazi na walezi wote

Ndugu mzazi/mlezi,

YAH: KUFUNGA SHULE MUHULA WA KWANZA

Salaam. Shule inafungwa leo, na mwanao anakuletea barua hii pamoja na fomu yake ya maendeleo. Naomba uisome yote, maana ya furaha nimeyatanguliza na yenye uchungu yako ukurasa wa nyuma.

Waliofika Siku ya Wazazi walijionea, lakini wengi hamkufika, kwa hiyo nasimulia. Klabu yetu ya Sayansi imetengeneza fimbo kwa ajili ya kijana wetu wa Kidato cha Pili asiyeona. Habari zake naziandika kwa ridhaa yake na ya mama yake. Varanda ya madarasa yetu mnaijua: madirisha ni ya chuma, yanafunguka kwa nje, usawa wa uso. Fimbo nyeupe ya kawaida hupapasa chini. Humwambia mtu kuna ngazi, kuna shimo, kuna ndoo. Dirisha lililoachwa wazi fimbo hiyo hupita chini yake bila kuligusa, na linalogundua ni paji la uso. Kijana wetu ana kovu la Kidato cha Kwanza kwa sababu hiyo.

Wanaklabu walianza kwa kumuuliza anataka nini. Walipomletea kifaa cha kwanza, kinachopiga mlio kila kikikaribia kitu, alikikataa siku hiyo hiyo. Masikio ndiyo anayotumia kujua bodaboda inatokea upande gani na nani anamsogelea. Mlio wa muda wote unamziba. Akataka kitetemeke mkononi, kimya. Wakafungua simu mbovu tatu, wakatoa vile vimota vidogo vinavyofanya simu itetemeke, wakafunga kimoja ndani ya mpini.

Mpini wenyewe ukiutazama una kihisi chenye duara mbili kama macho, kimeinamishwa kidogo kuelekea juu. Jicho moja linatoa sauti ya mitetemo 40,000 kwa sekunde. Sikio la binadamu linaishia kama 20,000, kwa hiyo hakuna anayeisikia. Jicho la pili linasubiri mwangwi. Sauti husafiri kama mita 340 kwa sekunde hewani, basi dirisha likiwa mita 1.7 mbele, mwangwi unarudi baada ya sehemu moja ya mia ya sekunde, kwenda na kurudi. Bodi ndogo ya Arduino, yaani kibao cha kielektroniki kinachoandikiwa programu, inapima muda huo na kukokotoa umbali, na kadiri kitu kinavyokaribia ndivyo mpini unavyotetemeka kwa kasi. Hesabu hiyo ya mwangwi wanafunzi wamekuwa wakiikariri miaka yote kwa ajili ya mtihani. Safari hii nimewakuta wakibishana juu yake saa ya chakula, bila mwalimu.

Wengi mliuliza gharama. Fimbo nzima haikufika shilingi 60,000. Mwili wake ni bomba jembamba la plastiki la kupitishia nyaya za umeme, limepakwa rangi nyeupe. Arduino ilianzia mji wa Ivrea, Italia, mwaka 2005, kwa ajili ya wanafunzi wasio wahandisi, na waliobuni waliiacha michoro yake wazi ili yeyote aweze kuitengeneza. Ndiyo maana tumepata nakala Kariakoo kwa bei ambayo shule ya kutwa kama yetu inaimudu. Kilichowasumbua zaidi ni umeme. Walianza na pawabenki, nayo ikawa inajizima yenyewe baada ya muda mfupi. Kumbe kifaa kinakula umeme kidogo mno, na pawabenki inadhani hakuna kilichochomekwa. Walihangaika karibu wiki mbili wakilaumu programu, hadi mmoja wao akapima mkondo kwa mita. Sasa inatumia betri nne ndogo za kuchaji.

Siku ya maonyesho kijana wetu alitembea varanda yote, madirisha yakiwa yamefunguliwa makusudi, mengine nusu, mengine wazi kabisa. Alipofika kila dirisha alisimama, akalizunguka, akaendelea. Mama yake alikuwa amesimama mwisho wa varanda. Nimefundisha miaka mingi na sijaona shule hii ikinyamaza vile, kisha ikapiga makofi vile.

Jambo jingine lililonipendeza ni bango waliloliweka kando ya meza, lenye kichwa “Fimbo hii haiwezi”. Haigundui vizuri nguo iliyoanikwa, kwa sababu kitambaa laini kinameza sauti. Ukuta ulio mshazari unaweza kuupeleka mwangwi pembeni usirudi. Haitakiwi kunyeshewa. Na haichukui nafasi ya kupapasa chini. Walioandika hayo ni watoto wa miaka kumi na sita, na hakuna aliyewaagiza.

Kazi yao ya pili ni ya shule ya msingi jirani, kitengo cha elimu maalumu, kwa mtoto mwenye mtindio wa ubongo ambaye hawezi kutamka. Mwalimu wa Fizikia aliwaeleza kuhusu Makey Makey, kifaa kilichotolewa mwaka 2012 na Jay Silver na Eric Rosenbaum wa chuo kikuu cha MIT, Marekani, kinachoweza kufanya hata ndizi iwe kitufe cha kompyuta. Chenyewe hatuwezi kukinunua kwa sasa. Wakachukua boksi la madaftari, vipande viwili vya foili ya jikoni, na sponji iliyotobolewa matundu wakaiweka katikati. Mtoto akikandamiza popote, kwa kiganja au kwa kiwiko, foili zinagusana kupitia matundu, na kisaketi cha kurekodi sauti, cha sekunde kama 10 tu, kinasema: “Naomba maji.” Sauti iliyorekodiwa ni ya dada yake.

Matokeo ya mitihani ya muhula yamo kwenye fomu, pamoja na tarehe ya kufungua. Kidato cha Nne wana Mock baada ya likizo. Netiboli tumefika fainali ya kata. Tangi la maji limezibwa.

Sasa michango ya chakula. Ada ya kidato cha kwanza hadi cha nne ilifutwa mwaka 2016, na hakuna anayekudai ada hapa. Chakula cha mchana ni makubaliano yenu wenyewe, mbele ya Bodi, mkutanoni: debe mbili za mahindi, kilo 10 za maharage na shilingi 20,000 kwa mwaka. Nusu yenu hamjaleta hata kisado. Mpishi anapika kwa wote, maana sitamnyima mtoto sahani kwa kosa la mzazi, lakini maana yake ni kwamba majirani zako wanamlisha mwanao na wewe unajua. Nimesikia pia maneno kwamba shule yenye hela ya kuchezea nyaya haikosi hela ya maharage. Fedha ya klabu imetokana na mchicha wa bustani ya shule, waliomwagilia wanafunzi wenyewe, na iliyopungua wametoa walimu mifukoni. Asiye na uwezo aje ofisini tuzungumze, mlango uko wazi. Mwenye uwezo alete kabla ya shule kufunguliwa.

Utoro. Machungwa yalipoanza kuiva mwezi Mei, Kidato cha Tatu kilibaki nusu darasa. Binti aliyekuwa anaandika programu ya fimbo alikuwa shambani akijaza matenga wakati wenzake wanamsubiri, na kijana wetu naye anasubiri fimbo. Najua machungwa hayangoji, na najua ndiyo yanayonunua sare. Jumamosi ipo, jioni ipo. Na ruhusa za kusingizia msiba zikome. Msiba si jambo la kuchezea.

La mwisho limeniuma kuliko yote. Wavulana wanne wa Kidato cha Tatu walikata nyaya za pikipiki ya mwalimu iliyoegeshwa chini ya mwembe, wakang'oa honi na betri, eti wanatengeneza king'ora cha mlango. Mwalimu alirudi kwake kwa miguu, akafika usiku. Nilipowaita wazazi, mmoja akaniambia, “Mkuu, si nyinyi mnaowafundisha ubunifu?” Hapana, mzazi mwenzangu. Klabu ina daftari, na kila waya ulioingia umeandikwa umetoka kwa nani na kwa ruhusa ipi. Kijana aliyeomba redio mbovu kwa babu yake akaisubiri wiki nzima amebuni. Aliyekata cha mtu gizani ameiba, hata king'ora chake kingelia vizuri namna gani. Kosa hili mzazi ukilipa jina zuri, unamfunza mwanao kwamba akili inampa haki ya kuchukua.

Bodi imeamua wazazi wote wanne walipe matengenezo, na wavulana wamsaidie fundi kurudisha kila waya mahali pake hadi pikipiki iwake. Watakaomaliza kazi hiyo watapokelewa klabuni, kwa sababu mikono yao ni mizuri na sitaki ipotee. Wazazi wanne mnatakiwa ofisini kwangu Ijumaa ya kwanza baada ya kufungua, saa 3 asubuhi. Msitume kaka wala jirani.

Likizoni, mwenye redio mbovu, chaja zilizokufa au simu isiyowaka ampe mwanawe alete, pamoja na kikaratasi chenye sahihi yako. Betri za simu zilizovimba msilete wala msizifungue, zinaweza kulipuka moto. Na mtoto yeyote asiguse umeme wa ukutani kwa kisingizio cha klabu. Vifaa vyetu vyote vinatumia betri.

Wenu katika malezi,

Mkuu wa Shule