Tusiiue chanjo ya homa ya mapafu kwa OTC

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nizungumze na wafugaji wenzangu wa Arusha na Kilimanjaro, na wataalamu wetu pia, kuhusu chanjo ya homa ya mapafu ya ng'ombe, ugonjwa ambao Wamasai tunauita olkipiei.

Chanjo hii ni hai. Ndani ya kichupa mna vimelea vyenyewe vya ugonjwa, vilivyopunguzwa makali. Mbegu yake inaitwa T1/44 na asili yake ni kwetu: ilipatikana kwa ng'ombe wa Tanganyika mwanzoni mwa miaka ya 1950, ikapitishwa kwenye mayai yenye kiinitete mara 44 hadi ikapoa. Ng'ombe akichanjwa, vimelea hivyo huishi mwilini mwake kwa muda, na mwili hujifunza kupambana navyo. Vikifa mapema, ng'ombe huyo hana kinga, hata kama jina lake limeandikwa kwenye daftari la waliochanjwa.

Na wanaoviua ni sisi. Baadhi ya ng'ombe huvimba pale walipochomwa, pengine wiki mbili tatu baada ya chanjo. Mfugaji akiona uvimbe anakimbilia duka la dawa, ananunua OTC, yaani antibiotiki ya oksitetrasiklini, na kuchoma kundi zima. Wapo hata wanaoichoma siku ileile ya chanjo, eti kumkinga mnyama. Jamani, antibiotiki kama oksitetrasiklini na tailosini huua vimelea vya homa ya mapafu, na hazichagui vya chanjo na vya ugonjwa! Baadaye ng'ombe anakohoa, boma zima linasema chanjo ilikuwa feki, na mwaka unaofuata watu hawaleti mifugo. Jambo hili linaniuma sana, kwa sababu kinga ya chanjo hii hudumu kama mwaka mmoja tu. Ukiruka mwaka, umerudi mwanzo.

Kwa kimeta ni hivyohivyo. Chanjo yake nayo ni hai, mbegu ya Sterne iliyotengenezwa Onderstepoort, Afrika Kusini, miaka ya 1930, na penisilini huiangamiza.

Wazee watakumbuka kwamba nchi yetu iliitokomeza homa ya mapafu kufikia 1964. Ikarudi 1990 kwa kupitia Loliondo, mkoani kwetu, na ng'ombe waliovuka kutoka Kenya. Malisho hayajui mpaka, kwa hiyo kinga yetu ni chanjo inayofanya kazi.

Kampeni ya kitaifa ya chanjo ya mifugo iliyozinduliwa 2025 naiunga mkono kwa moyo wote. Ninachowaomba maofisa mifugo ni kutangaza mapema, kwenye minada ya Meserani na Weruweru, makanisani na misikitini, kwamba wiki mbili kabla na wiki mbili baada ya chanjo ng'ombe mzima asichomwe antibiotiki. Pale kwenye kibanio kila mfugaji aulizwe: umechoma dawa gani karibuni? Aliyechoma, ng'ombe wake wapangiwe siku nyingine. Aambiwe pia kwamba uvimbe unaweza kutokea. Ukiwa mkubwa amwite mtaalamu, na ng'ombe atakayelazimika kutibiwa achanjwe upya. Wenye maduka ya dawa waelezwe haya pia, maana wengi wetu tunawasikiliza wao kuliko daktari.

Nimesikia watafiti wanatafuta chanjo bora zaidi, yenye kinga ndefu, isiyovimbisha na inayovumilia joto. Tunaihitaji mno, hasa sisi tulio mbali na umeme. Lakini nayo ikiwa hai, OTC itaiua vilevile.

Na wachanjaji wetu, tafadhali: chanjo ikishachanganywa isikae juani juu ya boneti ya gari wakati mnasubiri ng'ombe waletwe, wala sindano isisafishwe kwa spiriti kisha ikavutiwa chanjo papo hapo. Kama ng'ombe hawajafika, kichupa kisifunguliwe.

Mfugaji,
Monduli, Arusha