Kwa Somo Yangu wa Lamu: Shauri la Mbwa Sokoni

Malindi

Kwa somo yangu mpenzi Mwanajuma,

Assalamu alaikum warahmatullahi wabarakatuh. Baada ya salamu, natumai barua hii itakukuta u mzima wa afya, pamoja na shemeji na watoto, na kwamba mama ameshapata nafuu ya goti. Sisi huku hatujambo sote; kaskazi inavuma, maembe yamefurika hata hayana bei, na wageni wamejaa mji kama ilivyo ada ya msimu huu. Mengine nitakueleza siku nyingine, kwa maana nikianza nayo leo sitafika kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu.

Jambo lenyewe ni hili. Kamati yetu ya wafanyabiashara wa soko imenitaka mimi, kwa kuwa ni katibu, na kwa kuwa wanaamini kwamba kila aliyewahi kushika chaki hashindwi na maandishi, nitunge tangazo la kutundikwa langoni kuhusu watu wanaoingia sokoni na mbwa. Mzee wetu wa kamati ameshanipa maneno yake tayari: "Mbwa na wenye mbwa marufuku." Nilimwuliza kama anakusudia kumfukuza pia yule bwana wa Gede anayetuletea mananasi, ambaye mbwa wake humfuata kila aendako na hulala chini ya mkokoteni mpaka jua lipinde, akanijibu kwamba huyo si mwenye mbwa, huyo ni mtu wetu. Basi hapo ndipo nilipojua kwamba kazi hii si ndogo.

Kilichowasha moto ni mkasa wa Bi Zuhura. Unaijua nafasi yake, pale penye kona, anapotandika jamvi na kupanga ng'onda, wale samaki wakavu wa chumvi, mafungu mafungu. Alikuja mgeni, mama mtu mzima, mpole, ameshika kamba ya mbwa mkubwa kama ndama aliyeachishwa ziwa, akasimama kuchagua ndimu kwa jirani. Alipokuwa akizibonyeza ndimu moja moja, mbwa alishusha kichwa, akanusa jamvi, kisha akaanza kuramba kipande cha juu cha fungu la kwanza, taratibu, kama anayemaliza chumvi yote kabla ya kufika kwenye papa mwenyewe. Bi Zuhura hakupiga kelele. Alichukua kijiti, akakisogeza kile kipande pembeni, halafu akabaki ameyatazama mafungu mengine, akipima kwa macho kipi kimegusana na kipi na mate yameishia wapi. Yule mama alipogundua aliona haya sana, akaomba radhi, akalipa bei ya kipande kimoja na kwenda zake akiamini kwamba mambo yamekwisha.

Hayakuwa yamekwisha, somo yangu. Wanunuzi walikuwa wamesimama wanaangalia, na siku ile hakuna aliyenunua ng'onda tena pale. Wewe unajua kwamba kwa madhehebu yetu ya Shafi mate ya mbwa ni najisi nzito, na chombo alichokiramba huoshwa mara saba, moja kati yake kwa udongo. Hilo kwa sufuria linawezekana. Lakini ng'onda ukiiosha mara saba na kuisugua kwa udongo, utakachobaki nacho mkononi hakitakuwa ng'onda tena, wala hapatakuwa na mtu wa kukinunua. Bi Zuhura alirudi nyumbani na mzigo wake wote, na tangu hapo kila tukionana huniuliza swali lile lile: hasara ile ni ya nani?

Nimelitafakari swali hilo kuliko nilivyotafakari tangazo lenyewe, na nadhani ndilo linalopaswa kutangulia. Yule Mwitaliano mteja wangu wa mabamia, aliyekaa Malindi miaka hata anabishana bei kwa Kiswahili, aliniambia kwamba kwao watu hupita katika masoko ya wazi na mbwa wao na hakuna anayeshtuka. Namsadiki. Lakini nilimwonyesha kwa kidole: kwao bidhaa hupangwa juu ya meza, zinamfikia mtu kiunoni, hapa kwetu mchicha, nyanya, viazi na samaki wakavu viko juu ya jamvi na gunia, sawasawa na pua ya mbwa. Mtu aliyesimama haoni kinachotendeka chini, na aliyeketi chini ndiye anayelipia. Hata asiyejua twahara ni nini angekubali kwamba hapo pana tatizo. Na tena Wazungu wenyewe, katika kanuni ya usafi wa chakula ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2004, wameagiza pawe na utaratibu wa kuzuia wanyama wa kufugwa wasifike mahali chakula kinapoandaliwa, kinaposhughulikiwa au kuhifadhiwa. Kwa hiyo hatutakuwa tumewaonea tukiwaomba jambo ambalo sheria zao zinalifahamu.

Halafu kuna nguo, jambo ambalo wageni hawawezi kulijua wasipoambiwa. Fikhi, elimu ya sheria za dini, inatupa wepesi kwamba kikavu kikigusana na kikavu hakuna kunajisika, na mimi hulisema hilo kila mara kwa wale wanaoruka na kupiga mayowe mbwa akipita upande wa pili wa njia. Lakini upande wa samaki sakafu haikauki tangu alfajiri mpaka jioni, kwa maji ya barafu na ya kuoshea, na mbwa anayepita pale ametota miguu na tumbo. Akijisugua kwenye buibui la mtu, mtu huyo ameshapata kazi. Mwenye nyumba hapa Shela yetu ya Malindi atakimbilia kwake kubadilisha kabla ya Adhuhuri. Aliyetoka Magarini na vikapu vyake vya maembe atakwenda wapi? Ataikosa sala ya jamaa, au ataacha biashara kutafuta maji na udongo. Yule mwenye mbwa hatajua kamwe kwamba mkia wa kipenzi chake umemwondolea mtu nusu ya siku yake ya kazi.

Hata hivyo, sitaki kuandika kama mzee wetu anavyotaka, na hapa ndipo ninapokuomba unisaidie. Wapo vijana wamelichukua jambo hili kwa hamasa, na nimemsikia mmoja akisema mbwa akiingia tena atapigwa mawe, mwingine akataja sumu. Niliwauliza wamesoma chuo gani. Hawajui habari ya yule aliyesamehewa dhambi zake kwa kumteremkia kisimani mbwa mwenye kiu na kumpa maji kwa kiatu? Hawajasikia kwamba katika Suratul Kahf mbwa wa wale vijana wa pangoni ametajwa pamoja nao, amenyoosha miguu yake kizingitini? Mbwa hana kosa kwa kunusa. Amepewa pua ili anuse. Isitoshe, soko hili si la Waislamu peke yetu. Jamaa zetu wa Marafa na Gede wanafuga mbwa wa kulinda mahindi yasiliwe na ngedere na nguruwe mwitu, na ndio wanaotulisha. Tangazo likisomeka kana kwamba limetoka msikitini watakuwa na haki ya kununa, ilhali likitaja chakula kilicho chini, kila mtu analielewa bila kuulizwa dini yake.

Na kuna mbwa wa kumwongoza asiyeona. Mzee aliposikia habari hiyo alicheka, akadhani natunga. Nikamweleza kwamba shule ya kuwafunza ilifunguliwa Oldenburg, Ujerumani, mwaka 1916, kwa ajili ya askari waliopofuka vitani, na kwamba Marekani, kwa sheria yao ya watu wenye ulemavu ya mwaka 1990, mbwa wa namna hiyo huruhusiwa hata mahali ambapo mbwa wengine wote wamekatazwa. Huko mlinzi wa mlangoni ana ruhusa ya kuuliza mambo mawili tu: kama mbwa huyo anahitajika kwa sababu ya ulemavu, na amefunzwa kufanya kazi gani. Haruhusiwi kudai vyeti, wala kumwuliza mtu maradhi yake. Mbwa asipodhibitiwa, lakini, anaweza kutolewa nje kama mwingine. Mimi naona maswali hayo mawili yanatufaa kabisa, na kwamba akija asiyeona na mbwa wake tumpishe, mtoto mmoja wa soko amtangulie na kumpitisha njia ya katikati, mbali na majamvi. Kamati imegawanyika.

Lakini linalonikera zaidi ni kwamba tunajadili mbwa wa kamba, aliyechanjwa, mwenye karatasi zake, huku mbwa wasio na wenyewe wanakuja kila usiku kula matumbo ya samaki yanayoachwa chini, na hakuna anayewaitishia kikao. Hao hawasomi tangazo. Kichaa cha mbwa hupitia kwenye mate, na dalili zikishamtokea mtu ni nadra sana kupona. Karibu wote wanaougua duniani wameupata kutoka kwa mbwa. Serikali yetu ina mpango wa kuutokomeza ugonjwa huu nchini ifikapo 2030, na wataalamu wanasema ukichanja mbwa asilimia 70 wa mahali maambukizi hukatika. Nimependekeza tumwombe afisa wa mifugo atuletee siku ya chanjo karibu na soko, na taka za samaki ziondolewe kabla ya magharibi, kwa sababu mbwa wa usiku tunawaalika wenyewe. Nimependekeza pia liandikwe chini ya tangazo kwamba aliyeumwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo kutafuta chanjo, maana hapa watu hupaka kitu chochote kilicho karibu na kurudi kazini. Wakanijibu kwamba tangazo litakuwa refu.

Mtu mmoja akauliza kuhusu mbuzi. Kikao kilinyamaza, kwa sababu mbuzi wa mzee mwenyewe ndio wanaokula mchicha wangu, na kwa madhehebu yetu kinyesi chao nacho ni najisi, ijapokuwa huoshwa kwa wepesi zaidi. Nilitaka kuwataja na punda wenu wa hapo mbele ya Ngome, wanaopita na mawe na mchanga katikati ya watu na kuacha walichoacha, bila tangazo wala kamati, lakini nikaona nisiitie Lamu aibu mbele ya Wamalindi.

Basi hivi ndivyo nilivyoandika mpaka sasa: "Ndugu mteja, chakula chetu kiko chini. Tafadhali mwache mbwa wako kivulini langoni. Mbwa anayemwongoza asiyeona anaruhusiwa. Kitakachorambwa au kuharibiwa kitalipwa fungu zima." Hilo la fungu zima nimeliweka kwa ajili ya Bi Zuhura, na sitaliondoa hata wakinipigia kura. Kivuli kipo, chini ya ule mwarobaini, na pawekwe ndoo ya maji, kwa sababu mbwa hujipoza kwa kuhema na lami ya saa saba humchoma nyayo. Akifungiwa ndani ya gari juani anaweza kufa kabla bwana wake hajamaliza kununua vitunguu. Mpwa wake Bi Zuhura ameshajitangaza kuwa mlinzi wa maegesho ya mbwa, na ameshapanga na bei, ya mdogo na ya mkubwa.

Sasa nijibu haya, nakusihi. Mjomba wako anasemaje kuhusu mbwa wa asiyeona kupita penye majimaji: dharura inatosha, au atatupa sharti? Fungu zima ni haki, au nimezidisha, kwa kuwa vipande vya chini havikuguswa? Huko kwenu, wageni wa Shela yenu ya Lamu wakija mjini na mbwa wao huambiwa nini, na ni nani anayewaambia? Ukilisoma tangazo langu kama mgeni utaliona la adabu, au la kufukuza? Niliweke na kwa Kiitaliano, au tukifanya hivyo tutakuwa tumemwandikia Mwitaliano peke yake, na Mjerumani apite? Na je, mbuzi niwaingize humo humo, au ningoje uchaguzi wa kamati upite kwanza?

Jibu lako lifike kabla ya kikao cha Alhamisi. Fundi wa vibao analipisha kwa herufi, kwa hiyo kila neno utakaloniongezea, niambie na lipi nilifute.

Wasalaam,
Ni mimi somo yako,
Mwanajuma