Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Masomo ya Watoto Wanaokinzana na Sheria

Ndugu wanachama,

Mapato na matumizi atayasoma mhazini. Mimi nitazungumzia kazi iliyotuchukulia muda mwingi mwaka huu, kuwafundisha watoto walio katika mahabusu ya watoto wakisubiri kesi zao.

Kijana mmoja alikuwa mpiga debe stendi. Muulize kwa mdomo: abiria watatu, nauli mia saba kila mmoja, wametoa noti ya elfu kumi, chenji ngapi? Anajibu papo hapo, elfu saba na mia tisa. Swali hilohilo ukimwandikia kwenye daftari, analitazama tu, kisha anasema hesabu hajui. Alikariri darasa la nne, akaona aibu kukaa na wadogo zake, akaacha shule.

Walimu wetu wamekutana na wengi wa namna hiyo. Masomo yaliwashinda mapema, kosa likaja baadaye. Wengine wamelelewa kwa bibi, kisha kwa shangazi, kisha kwa mjomba, na kila kuhama kukawapotezea muhula mzima. Ada ilifutwa hadi kidato cha nne tangu 2016, lakini sare, madaftari na chakula cha mchana bado vinagharimu. Hata hivyo, mimi sikubali kwamba umaskini peke yake ndio unaomfikisha mtoto mahakamani. Watoto maskini wamejaa madarasani. Hawa wetu, karibu wote, hawakuwa na mtu mzima wa kuwafuatilia walipoanza utoro.

Sheria ya Mtoto ya 2009 inakataza mtoto kuhukumiwa kifungo, na mahakama huletewa taarifa ya afisa ustawi wa jamii kuhusu maisha yake. Tunaomba taarifa hizo zieleze pia aliishia darasa la ngapi, kwa nini aliacha, na kama anajua kusoma. Akipelekwa Shule ya Maadilisho Irambo, Mbeya, mwalimu atajua pa kumwanzia. Akirudi nyumbani, huenda MEMKWA, yaani Mpango wa Elimu ya Msingi kwa Waliokosa, ikamfaa kuliko kurudishwa darasa la nne akiwa na ndevu.

Upungufu wetu mkubwa ni watu wa kumsindikiza mtoto anapoachiwa: kwenda naye kwa mwalimu mkuu, kuzungumza na mlezi, kupita tena baada ya wiki chache. Wenye nafasi wajiandikishe kwa katibu leo, kabla shule hazijafunguliwa Januari.