Kabla hujaigusa skrubu

Nairobi, Jumapili usiku

Swahiba wangu,

Barua yako imefika pamoja na picha. Nimeshukuru kusikia mama anaendelea vizuri, na nimefurahi kwamba ile Porsche 911 SC ya marehemu baba mdogo hatimaye imetolewa chini ya minazi ikaingia gereji. Picha ya mbele nimeitazama hadi nimeikariri. Kweli gari limelala upande wa kushoto, tena si kidogo. Sasa unaniuliza skrubu ya kuinua pua uizungushe mara ngapi. Ningekujibu kwa simu, lakini najua ungekata simu na kuingia uvunguni papo hapo, ndiyo maana nimekaa kuandika.

Gari la zama hizo halina springi ya koili mbele. Kila upande lina tosheni baa, fimbo ya chuma iliyolala ndani ya mkono wa chini, ule unaoshika gurudumu, kwa urefu wa gari. Ncha ya mbele ina meno yaliyoshika mkono. Ncha ya nyuma imeshikwa na kishikio kidogo kinachosukumwa na skrubu, hiyo unayoiona ukilala chali. Tairi likipanda, mkono unapanda nao, fimbo inasokoteka, na msokoto huo ndio unaobeba pua yote. Ukikaza skrubu, fimbo haiwi ngumu zaidi wala laini zaidi. Unahamisha tu pale msokoto unapoanzia, basi, gari linainuka. Wale wanaokwambia "kaza tu, litakuwa gumu" wamechanganya mambo mawili.

Kazi kubwa iko kwenye kupima, na hapo ndipo nilipoumia. 911 ya kwanza niliyokabidhiwa niliipima kutoka sakafuni hadi kwenye ukingo wa madigadi. Nikasawazisha kushoto na kulia, nikaridhika. Lilipoingia barabarani likawa linavuta, na kila ukifunga breki linavuta zaidi. Nilihangaika nalo siku mbili. Kumbe madigadi ya kulia iliwahi kubadilishwa baada ya ajali, na aliyeifunga aliiacha imepanda karibu milimita tisa. Nilikuwa nimelipinda gari zima ili lifanane na bati moja lililofungwa vibaya. Tangu siku ile sipimi madigadi, na ninakuomba nawe usiipime. La baba mdogo nalo limewahi kugongwa, wewe unajua kuliko mimi.

Pima hivi. Kutoka sakafuni hadi katikati ya gurudumu, andika. Kutoka sakafuni hadi katikati ya tosheni baa, pale mbele ya mkono penye kifuniko, andika. Toa ya pili kwenye ya kwanza. Kwa magari ya soko la Ulaya kiwanda kilitaka tofauti hiyo iwe milimita 108, ikizidi au kupungua isipite 5, na kushoto na kulia zisipishane zaidi ya 5. Sasa soma hapa polepole: katikati ya gurudumu iko juu ya tosheni baa, kwa hiyo namba ikikua gari limeshuka, na ikipungua gari limepanda. Nimeona fundi mzuri kabisa akikaza mchana kutwa upande uliokuwa tayari juu kwa sababu aliisoma namba kinyume.

Kabla ya hapo, sakafu. Gereji yako ilimwagwa saruji na watu wa nyumba, na saruji ya namna hiyo huwa imeinamishwa ili maji yatoke. Chukua mpira wa maji, ule mwembamba wa waashi unaoonyesha maji ndani, uone usawa wa pale yanaposimama matairi manne. Pale palipo chini weka vigae vya sakafu hadi palingane. Jaza tangi, usinionee huruma bei ya petroli. Tangi la SC lina lita 80 na liko mbele, juu ya suspensheni hiyo hiyo unayoipima. Ukipima tangi likiwa tupu halafu ukajaza, umeweka kilo sitini hivi puani, na kipimo chako hakina kazi tena. Tairi la akiba liwe mahali pake. Upepo wa matairi uwe sawa. Ndani asikae mtu.

Ukitaka kuzungusha, inua pua kwa jeki kwanza, mzigo utoke kwenye skrubu, na uweke stendi. Usiku wa kuamkia kazi nyunyizia mafuta ya kulegeza kutu, maana hewa ya pwani haijaiacha salama. Weka alama ya rangi pale ilipo sasa ili uweze kurudi nyumbani ukipotea. Halafu robo mzunguko tu. Ukikaza, linapanda. Fungua pia upande mmoja wa fimbo ya stabilaiza, ile inayounganisha kushoto na kulia, la sivyo itakuwa inavuta upande mmoja kuelekea mwingine na kukudanganya. Lilikuja kwangu gari kutoka gereji moja hapa mjini, walikuwa wamekaza huku uzito wote umelala juu ya skrubu. Nyuzi zikavunjika, wao wakachomelea skrubu pale pale. Niliitoa kipande kwa kipande kwa tindo. Iliniuma sana, kwa sababu chuma kile kilikuwa kizima miaka arobaini hadi siku ile.

Ukilishusha usipime papo hapo. Matairi yanakuwa yamejikunja kwa ndani na sakafu imeyashika, gari linasimama juu kuliko lilivyo. Lisukume mbele na nyuma mita tatu nne, likandamize puani mara kadhaa, liache litulie. Ndipo upime.

Kuna jambo jingine ambalo picha yako imenitia shaka nalo. Gari ni kama kitanda cha kamba chenye mguu mmoja mfupi. Ukiunyanyua mguu wa mbele kushoto, uzito unahamia hapo na kwenye mguu wa nyuma kulia, na miguu mingine miwili inabaki myepesi. Kwa hiyo kulala kwa kushoto mbele huenda kumeanzia nyuma. Inua pua kwa jeki moja katikati kabisa, mbele isiamue lolote, kisha tazama nyuma kama iko sawa. Ikiwa nyuma imepinda, usiihangaishe mbele ifiche kosa la nyuma. Ila nyuma usifungue peke yako. Kule hakuna skrubu ya namna hii, unahesabu meno ya ncha za fimbo, 40 ndani na 44 nje, na ni kazi ya siku nzima ya watu wawili.

Umesema pia ungependa ulishushe lifanane na yale ya picha za Ulaya. Hapo sikubaliani nawe, ndugu yangu. Likishuka sana fimbo za usukani zinapoteza mlingano na mikono ya chini, na kila shimo linakugeuzia matairi bila wewe kugusa usukani. Na matuta ya kwenu nayajua. Gari hili kwetu lina historia ya kwenda juu: mwaka 1978 Porsche ilileta SC mbili kwenye Safari Rally zikiwa na sentimita 28 chini ya tumbo, na Vic Preston Jr. akamaliza wa pili, Björn Waldegård wa nne. Lakini nayo usiiige kwa skrubu. Ukipandisha mno kwa skrubu, mkono unakosa nafasi ya kushuka, na gurudumu linaning'inia kila likivuka bonde. Zile zilijengwa upya kwa kazi hiyo. Wewe baki kwenye 108, au uje hadi 103 kwa ajili ya barabara.

Ukimaliza peleka alaimenti, magurudumu yanyooshwe, na urekebishe taa, maana zote mbili zitakuwa zimehama. Na kama utalazimika kuzitoa tosheni baa zenyewe, zina alama ya kushoto na kulia. Usizibadilishane hata kwa kujaribu tu.

Kwa sasa usikaze kitu. Nitumie namba za mbele, kushoto na kulia, na unieleze nyuma ilivyosimama pua ikiwa kwenye jeki. Nikizipata kabla ya Alhamisi, nitapanda treni ya Ijumaa asubuhi nije na mpira wangu wa maji na stendi zangu. Mwambie mama nataka mahamri.

Nduguyo wa gereji